Mawimbi Tuliyoyasifu

Mwanangu Nassir,

Umetoka sasa hivi kwenda Mbweni kumuaga shangazi yako, na baba yako yuko bandarini anaulizia boti ya asubuhi. Nyumba imekuwa kimya mapema kuliko nilivyotarajia. Begi lako liko mlangoni, limefungwa, na sikulifungua kulikagua ingawa mkono uliniwasha. Nimeona bora niushughulishe kwa kalamu.

Sitakuandikia habari za shuka wala za sabuni, wala za kuhifadhi insulini kwenye joto la bweni lako la Morogoro. Hayo unayajua kunishinda. Siku ile umeme ulipokatika mchana kutwa, mimi nilikuwa napiga simu ovyo kutafuta mwenye jenereta, na wewe ulikuwa umeshaziweka chupa zako ndani ya mtungi wa udongo, umefunika kwa kitambaa kibichi, unasoma kitabu.

Nataka nikuandikie juu ya macho. Mwezi uliopita daktari alituonyesha picha ya ndani ya macho yako, na kwenye ule uwanda wa rangi ya chungwa tukaona madoa mekundu, madogo kama ncha ya sindano. Kesho unaondoka nayo. Mimi nina miaka thelathini na tano, na nusu ya miaka hiyo nimeimaliza nikikutazama wewe. Lakini yale ninayoyajua juu ya kutazama nilijifunza kwa njia mbaya, na aliyelipa ni mama yangu, bibi yako.

Ulipogundulika na kisukari ulikuwa darasa la tatu. Unaikumbuka kiu ile, na jinsi ulivyokuwa unakonda huku unakula. Tuliporudi nyumbani kutoka hospitali uliivumilia sindano ya insulini, lakini kujitoboa kidole kupima sukari ulikataa kabisa.

“Sindano mnanichoma nyinyi,” uliniambia. “Hii nijichome mwenyewe?”

Mimi na shahada yangu ya ujenzi nikaanza kukueleza faida za kupima. Bibi yako hakuhangaika na maelezo. Alikuwa amekaa dirishani na kofia yake ya viua, zile kofia nyeupe ambazo kila kiua ni tundu lililotobolewa kwenye kitambaa na kuzungushiwa uzi, mamia ya matundu kwenye kofia moja.

“Nassir!”

“Naam, Bibi.”

“Njoo hapa. Mimi natoboa hiki, wewe toboa hicho kidole chako. Atakayelia ndiye ataosha vyombo.”

Ukafumba macho, ukatoboa. Tone la damu likatokeza, ukalitazama kwa mshangao kama si lako. Hapo bibi yako akajichoma kidole kwa makusudi, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa Maalim Haji jirani yetu, akainuka kwenda kuosha vyombo. Kuanzia siku ile hukukataa tena. Asubuhi na jioni mlikaa dirishani, kila mmoja na sindano yake.

Nilianza kukusifu wakati huo, na sijaacha. Harusini Chwaka, sinia la haluwa lilipowekwa mbele yetu, ulitoa mashine yako mfukoni ukajipima mbele ya watu wote. Mama mmoja akasikitika: “Maskini mtoto wa watu, umepata ugonjwa wa wazee.” Nawe ukamjibu kwa adabu: “Hapana, Bi. Wa wazee anao bibi yangu. Wangu ni wa vijana.” Wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi, na mimi nikakaa pale nimevimba kwa fahari. Niliisimulia hadithi ile kazini, sokoni, kwenye simu. Wewe mwenyewe umenisikia nikiisimulia mara nyingi, na sikuwahi kujiuliza ilikuwaje kwako kuisikiliza.

Bibi yako naye alikuwa na kisukari chake cha ukubwani tangu kabla hujazaliwa. Vidonge alimeza. Chai alikunywa bila sukari, akilalamika kila funda. Macho hakupimwa hata mara moja, na sababu yake sote tuliiona ya maana: anashona kofia. Mtu anayetunga uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, macho yake utayapima ya nini? Nyumbani kwetu kofia ndiyo ilikuwa kipimo cha macho. Ilimradi viua vimekaa safu, Bi Zuwena anaona.

Mwaka uliokuwa unatimiza miaka kumi na miwili alimaliza kofia ya Maalim Haji. Wewe ulikuwa shule, kwa hiyo hili sijui kama unalijua vizuri. Kofia zote za bibi yako zilikuwa na safu zilizonyooka kama zimepigwa rula. Hii ilianza hivyo hivyo, kisha safu zikainuka kidogo, zikashuka, zikainuka tena, kwa upole, halafu zikarudi kunyooka. Maalim aliigeuza geuza mikononi, akaivaa, akaivua aitazame tena.

“Bi Zuwena, haya mawimbi umeyatoa wapi?”

“Mawimbi gani?”

“Haya hapa.”

“Wee Maalim, chukua kofia yako nenda zako. Mawimbi yako Forodhani.”

Tulicheka sana. Tulidhani anaficha ufundi wake, kama mpishi asiyetaka kusema ametia nini kwenye pilau. Haukupita muda watu wakaanza kuja barazani kutaka kofia “ya mawimbi”. Bibi yako alikasirika kidogo, akiona anachezewa shere, lakini alishona, na mawimbi yakatoka. Kofia moja niliichukua kazini nikawaonyesha wenzangu. Niliwaambia: tazameni mkono wa mama yangu, mwanamke ambaye hajawahi kuingia darasa la jiometri.

Baadaye kidogo akaanza kulalamika juu ya dirisha.

“Nondo hizi zimepinda,” aliniambia. “Nyumba itatuangukia, na wewe ndiye fundi wa nyumba za watu.”

Kazi yangu unaijua, kukagua kuta za Mji Mkongwe na kusema ipi itasimama na ipi haifiki masika. Nilikuja na timazi yangu, nikaushusha uzi kutoka kwenye boriti mpaka sakafuni, na kweli nikakuta ukuta wa dirisha umevimba unene wa vidole viwili. Nyumba gani ya mjini ambayo ukuta wake haukuvimba? Lakini nilifurahi kama niliyeokota lulu. Nikamwambia: “Mama, una jicho la mhandisi! Mimi nimepita hapa kila siku sikuona.” Naye akanitazama, akasema, “Basi litengenezeni,” akarudi kwenye kofia yake.

Nondo zenyewe sikuzitazama. Zilikuwa zimenyooka kabisa. Yeye alisema nondo, na mimi nikapima ukuta.

Kwanza kofia, kisha dirisha. Mara mbili alituambia anachokiona, na mara mbili tulimjibu kwa kumsifu. Bibi yako alikuwa na mazoea tangu usichana wake ya kufumba jicho la kushoto anaposhona, kama mtu anayelenga shabaha. Kazi yote aliifanya kwa jicho la kulia, na ndilo lililokuwa linaharibika. Kila mstari ulionyooka jicho lile lilimwonyesha umepinda, naye kwa uaminifu wote akawa anaunyoosha. Hivyo ndivyo mawimbi yalivyozaliwa.

Ni wewe uliyejua. Hili nimekuwa nikilisimulia kama kichekesho, lakini leo niliandike sawasawa. Ulikuwa umerudi kutoka kwenye kipimo chako cha kwanza cha macho. Walikuwa wamekutia matone yanayopanua mboni, na mwanga wa njiani ulikuumiza, ukarudi umevaa miwani yangu ya jua imekufunika nusu ya uso. Ulipoingia ndani ukaivua, ukajifanya daktari. Mimi nilikuwa nakunja nguo kitandani, nawasikia.

“Bibi, funika jicho moja.”

“Nifunike ya nini? Nnafanya kazi.”

“Funika. Mimi ni daktari.”

“Daktari gani hana viatu?”

Hata hivyo alifunika la kushoto, lile alilozoea kulifumba.

“Haya, nambie, nondo za dirisha zimenyooka?”

“Zimepinda. Si nshamwambia mama yako?”

“Sasa funika hilo jingine.”

Akafunika la kulia. Kisha nikamsikia akisema polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

“Nassir, umelifanya nini dirisha?”

Ukaja mbio chumbani, mboni zako bado zimepanuka, macho meusi matupu. Hukulia. Ulisema, “Mama, jicho la kulia la Bibi linapinda nondo. La kushoto halipindi. Tumpeleke.”

Tulimpeleka. Jicho la kulia lilikuwa limevimba nyuma, mishipa yake ikivuja, na kabla matibabu hayajafika mbali damu ikajaa ndani, likazimika. La kushoto nalo lilikuwa limeanza. Hilo waliliwahi kwa leza, na ndilo analotutazama nalo mpaka leo. Siku alipoambiwa kwamba la kulia halitarudi, alimwambia daktari, “Sawa. Hawa watu wangu nusu yao inatosha.” Daktari, dada mmoja mwenye sauti ndogo, aligeukia ukutani akajifanya anatafuta kitu.

Nilimuuliza yule daktari mbona mama hakuumwa. Akasema ugonjwa huu wa macho hauumi. Akasema mtu anaweza kusoma herufi zote ukutani, akatunga sindano, akaendesha gari, na huku nyuma ya jicho mishipa inaharibika, mpaka siku uharibifu unapofika pale pa kuonea ndipo anashtuka. Ndiyo maana hawaulizi tu kama unaona. Wanatia matone, wanafungua mboni, wanaingia kutazama wenyewe, kila mwaka, hata kwa mtu asiye na lalamiko lolote. Nilisikia maneno yale nikiwa na kofia ya mawimbi ndani ya mkoba wangu.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya kusifu. Nilimpenda mama yangu kuliko mtu yeyote, na nilimtazama kila siku, au nilijidhania namtazama. Kumbe nilikuwa nasifu. Vitu hivi viwili vinafanana sana kwa aliye ndani yake. Mtu unayemsifu huwezi kumuuliza swali, kwa sababu jibu lake umeshalitangaza kwa watu.

Na baada ya kujifunza haya yote, nikafanya hivyo hivyo kwako.

Mwezi uliopita, daktari yule yule alipoonyesha madoa yako, alisema bado ni mapema, hayahitaji leza wala sindano, yanahitaji sukari itulie na macho yatazamwe tena baada ya miezi sita. Kisha akauliza sukari ilikuwaje mwaka huu. Mimi nikafungua mdomo kujibu. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba huyu mtoto ni mfano kwa wengine, kwamba hajawahi kusukumwa. Ukaniwahi.

“Wakati wa mitihani nilikuwa sipimi,” ulisema. “Nilipima mbele ya Mama tu. Shule nilikuwa najidunga kwa kubahatisha.”

Tulipotoka nje, pale kwenye kivuli cha ukuta, nikakuuliza mbona hukuniambia. Hukuwa na hasira. Ulinijibu kama unavyonijibu nikikuuliza saa ngapi: “Ulikuwa ushawaambia watu wote kwamba mimi sichoki.”

Nassir, nimekaa na jibu hilo mwezi mzima. Ulichoka, na hapakuwa na mahali pa kuchokea, kwa sababu kila pembe ya nyumba nilikuwa nimeshaijaza sifa zako. Wewe ulikuwa unapinda, na mimi nikawa nawaonyesha watu mawimbi.

Siku ile ile nilisema hutakwenda. Unakumbuka. Nilisema utasoma hapa hapa mjini ambako nitakuona kwa macho yangu. Ukaniacha nimalize, ukaniambia, “Mama, madoa yako kwenye macho. Hayako Morogoro.” Kisha ukatoa karatasi. Wakati mimi niko kwenye dirisha la dawa hospitalini, ulikuwa umeshamuuliza daktari ni hospitali gani huko wanakotazama macho ya wenye kisukari, naye amekuandikia barua ya kuwapelekea. Na jioni yake ulimwambia baba yako, kwa mdomo wako mwenyewe, kwamba uliacha kupima, na kwamba unataka mwenzako wa bwenini ajue una nini, ili awepo mtu wa kukuuliza.

Kujitoboa kidole harusini kulihitaji ushujaa, sikatai, tena kulikuwa na watazamaji. Kusema “nilikuwa sipimi” mbele ya daktari, na mama yako amekaa pembeni amefungua mdomo kukusifu, sijui kama mimi ningeweza. Nimekuwa nikikuhusudu kidogo tangu siku ile. Nakuandikia hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka ujue nakusifu kwa lipi: kwa siku uliyokubali kwamba umechoka.

Kwa hiyo nakuruhusu uchoke. Kutakuwa na wiki utaichukia mashine, utachukia chakula cha bweni usichoweza kukikadiria sukari yake, utataka kuwa kama wenzako. Ukichoka, sema umechoka, halafu pima hivyo hivyo umechoka. Na sukari ikipanda utaona ubao wa darasa umefifia, kama mtu amepumulia kioo. Usikimbilie duka la miwani. Bibi yako, baada ya leza, alinunua mbili kwa njia hiyo na zote zikamkataa sukari iliposhuka. Itulize sukari kwanza. Lakini ukiona nyuzi nyeusi zinaelea kama buibui aliyekatikiwa utando, au mimweko ya mwanga, au pazia linashuka upande mmoja, usilale nalo, usingoje Jumatatu, usingoje hata kunipigia mimi. Nenda, kisha nipigie ukiwa huko.

Na ukiona vizuri kabisa, ile miezi sita ikitimia nenda pia. Hasa ukiona vizuri.

Maalim Haji alipopata habari za jicho la bibi yako aliirudisha kofia. Alisimama mlangoni ameishika kwa mikono miwili, akasema haiwezi kukaa kichwani pake tena. Bibi yako akamwambia, “Ilipokuwa inasifiwa ilikaa vizuri tu!” Maalim akacheka, akalia, akakaa akapewa chai. Kofia ikabaki kwetu. Leo mchana bibi yako amekuita chumbani ukatoka umeficha kitu chini ya shati. Najua ni nini, kwa sababu yeye siri haimkai. Ameniambia amekupa kofia ya mawimbi uivae Ijumaa ya kwanza huko ugenini. Nilimuuliza kwa nini si mpya, kwa kuwa ameanza kushona tena, taratibu, kwa jicho moja, na safu zake zinanyooka. Akasema: “Mpya nitampa akirudi. Hii aende nayo. Watu wataisifu, naye atakuwa anajua.”

Tangu siku ile ya udaktari wako bila viatu, bibi yako hasalimu tena kama watu wengine. Unamwamkia “Shikamoo,” anakuitikia “Marahaba,” na kabla hujakaa anakuuliza, “Nondo zimenyooka?” Wewe unafunika jicho moja, kisha jingine, unamjibu, “Zimenyooka, Bibi.” Wageni hudhani ni mchezo wenu. Na mimi nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Sasa naona kwamba katika nyumba hii nzima ni yeye peke yake aliyekuwa akikuuliza swali na kusubiri jibu.

Bweni lako litakuwa na madirisha, na madirisha ya shule hayakosi nondo. Nikikupigia simu sitakuuliza umeshika nafasi ya ngapi, wala sitakuweka kwenye spika ili shangazi zako wasikie unavyozungumza. Nitakuuliza swali la bibi yako, na nitakaa kimya mpaka unijibu. Usiniambie zimenyooka kwa sababu unajua nitafurahi. Niambie unavyoziona. Na siku utakayoniambia, “Mama, zimepinda,” sitakusifu kwa kusema kweli. Nitapanda boti inayofuata, na timazi nitaiacha nyumbani.

Namuomba Mwenyezi Mungu akufikishe salama, na akuweke mbele ya watu watakaokupenda wakiwa wanakutazama.

Mama yako